Sikio la Profesa Tarrant

Janelle Haldorsen alikuwa na miaka thelathini na minne alipoacha kazi ya kufundisha kwaya katika shule moja ya sekondari huko Dakota Kaskazini, akapakia vitabu vyake vya noti na mashine ya mvuke ya kulainishia koo nyuma ya gari, akaendesha siku mbili hadi Ohio kusomea shahada ya udaktari wa uimbaji. Mama yake, Darlene, alisimama mlangoni na koti la marehemu mumewe mabegani, akamwuliza swali moja tu: mtu ambaye tayari anaimba vizuri anakwenda kusoma miaka mitatu ili aimbeje? Janelle akamwambia hataki kufa bila kujua sauti yake ingefika wapi. Mama akasema haya, nenda, ila usiache kula.

Hakuwa amefuata chuo, alikuwa amemfuata mtu. Profesa Lucille Tarrant aliimba katika majumba ya opera ya Ulaya kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuja kufundisha katika mji ule mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Alikuwa na miaka sabini na moja, mrefu, mgongo umenyooka, nywele nyeupe zimebanwa nyuma bila unywele mmoja kutoroka. Siku ya majaribio, Janelle alipomaliza kuimba, walimu wengine walimshukuru na kuandika vitu kwenye karatasi zao. Tarrant hakuandika kitu.

"Una nyumba nzuri sana," alimwambia, "na miaka yote hii unaishi jikoni. Njoo nikuoneshe sebule."

Janelle alilia garini kwa sababu ya maneno hayo, na hayakuwa machozi ya huzuni.

Shahada yenyewe ilidai mengi: maonyesho matatu ya mtihani mbele ya watu, mitihani ya lugha tatu, tasnifu, na mwisho kikao cha kamati ya walimu wanne. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Tarrant. Bila saini yake hakuna kilichosogea.

Masomo yalikuwa Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu, katika chumba chenye piano kubwa na kioo kirefu ukutani. Kwenye piano alikaa Orrin Pruitt, mtu wa Toledo, miaka hamsini na kitu, mnene na mpole, vidole vyepesi kuliko mwili wake. Alikuwa amempigia Tarrant na wanafunzi wake kwa miaka ishirini na sita, na ndiye mtu pekee katika jengo lile aliyemwita Lucille.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri kupita alivyotarajia. Sauti yake, ile sauti ya kike ya chini kidogo ambayo kule nyumbani waliisifu kwa upole wake, ilifunguka, ikapanda, ikapata mng'ao juu yake ambao yeye mwenyewe alipousikia kwenye kinasa sauti alidhani ni mtu mwingine. Onyesho lake la kwanza lilijaza ukumbi mdogo. Darlene alisafiri kwa basi, akakaa mstari wa pili na mkoba mapajani, na baadaye alisema hakuelewa neno hata moja lakini nywele zilimsimama mikononi.

Mwaka wa pili kiti cha Tarrant kikaanza kusogea. Zamani alikaa mwisho wa chumba, karibu na mlango, akisema kwamba sauti nzuri hupimwa kwa mbali. Septemba alikaa katikati ya chumba. Kufika Novemba alikuwa hatua mbili mbele ya Janelle, akimkazia macho mdomoni bila kupepesa.

"Sikusikii," alikuwa akisema. "Lete mbele. Umeifunika na blanketi."

Janelle aliongeza.

"Bado. Mwaka jana ulikuwa na kengele juu ya sauti. Imekwenda wapi? Irudishe."

Janelle aliongeza tena, mpaka mishipa ya shingo ikasimama, mpaka Tarrant akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akishuka ngazi alihisi koo limekauka kama mtu aliyeshinda ghalani na vumbi la ngano. Alijiambia ni hewa ya mashine za kupasha joto. Alijiambia pia kwamba mwalimu huyu ametoa waimbaji wakubwa na yeye ametoka kwenye kwaya ya shule. Kama kuna mtu asiyejua kengele ya sauti ni nini, ni yeye. Jioni alikunywa chai ya asali, akavuta mvuke, akafanya mazoezi ya saa mbili akijaribu kuimba kwa nguvu zile zile alizotakiwa. Katika masomo yale macho ya Orrin hayakutoka kwenye noti ambazo alizijua kwa moyo.

Asubuhi moja ya Januari, kifaa cha kunusa moshi kwenye dari ya korido kiliishiwa betri, kikaanza kulia. Kila nusu dakika kilitoa mlio mmoja mwembamba, mkali, wa kuchoma kichwa. Janelle alivumilia mara nne, mara tano. Mara ya sita mlio ule uliangukia katikati ya sentensi ya Kijerumani, akapoteza noti, akasimama.

"Samahani, Profesa. Ni huo mlio. Unanichanganya."

"Mlio gani?" Tarrant aliuliza.

Mlio ukatokea tena wakati ule ule, mkali, juu ya vichwa vyao. Uso wa Tarrant haukubadilika hata kidogo. Alibaki akimtazama Janelle, akisubiri jibu. Orrin aliinua mikono kwenye piano, akaishikilia hewani.

"Hakuna mlio, Lucille," alisema kwa sauti kubwa, polepole, akiwa amemgeukia ili amwone. "Bibie hajajifunza ukurasa wa tatu, anatafuta pa kujifichia."

Tarrant akacheka, kitu alichokifanya mara chache sana, akamwambia Janelle kwamba hata yeye enzi zake aliwahi kumsingizia mbwa wa jirani. Basi wote watatu wakacheka, Janelle naye akacheka, na somo likaendelea huku kifaa kikilia juu yao. Nusu saa baadaye alikuwa kwenye baridi ya maegesho, ufunguo wa gari mkononi, na alikuwa ameelewa. Jambo lenyewe lilikuwa limesimama mbele yake waziwazi. Lakini onyesho la pili lilikuwa wiki nne mbele, na jina la Tarrant lilikuwa juu ya kila karatasi yake. Akawasha gari, akawaza kwamba wazee wengi hawasikii milio myembamba, na hilo si lazima limaanishe chochote kuhusu kuimba.

Onyesho la pili alilifanya mwezi wa Februari koo likiwa limemkwaruza wiki mbili nzima. Alipita. Siku tatu baadaye, katika somo la Ijumaa, Tarrant alimtaka arudie noti moja ya juu, akasema hamsikii, akamtaka tena. Mara ya tano kitu kilikatika. Hakusikia maumivu. Alifungua mdomo, na mahali pa sauti pakatoka pumzi yenye mchanga.

Daktari wa koo, mwanamke mfupi wa maneno machache, alimpitishia kamera nyembamba puani mpaka kooni, kisha akamgeuzia skrini ajionee. Uzi wa kushoto wa sauti ulikuwa mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, kama jicho lililopigwa ngumi. Damu ilikuwa imevujia ndani. Kwenye nyuzi zote mbili, katikati kabisa, kulikuwa na vivimbe viwili vigumu vinavyotazamana.

"Damu ni ya juzi," daktari alisema. "Hivi vivimbe ni vya miezi. Nani anakusikiliza ukiimba?"

Janelle alifungua mdomo ajibu. Daktari akamwekea kidole mdomoni, akampa karatasi ya maagizo.

Wiki tatu za ukimya kamili, hata kunong'ona marufuku. Baada ya hapo mazoezi ya mtaalamu wa sauti, pengine miezi sita. Vivimbe vingepungua, hakuna aliyeweza kumwahidi kwamba sehemu ya juu ya sauti ingerudi.

Siku ya tano ya ukimya wake, mchana, Tarrant alibisha hodi kwenye fleti yake. Alikuwa amebeba chungu cha supu ya kuku na tambi alichokifunga kwa taulo, na buti zake zilikuwa na theluji. Hakuwahi kumtembelea mwanafunzi nyumbani. Janelle alijua hilo kwa sababu kila mtu alilijua. Alimkaribisha kwa mikono. Wakakaa kwenye meza ya jikoni, supu katikati yao, na daftari la Janelle pembeni.

Mazungumzo yalikwenda hivi: Tarrant aliongea, Janelle aliandika, akamgeuzia daftari. Na katika nusu saa ile Janelle alimwona mtu ambaye hakuwahi kukutana naye. Tarrant alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kujibu, mwenye utani mkali. Alimsimulia jinsi alivyoteleza kwenye ngazi za jukwaa akiwa amevaa taji la malkia, na jinsi mwimbaji mwenzake mwenye wivu alivyomwekea vitunguu saumu kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hakukosea swali hata moja. Hakuuliza "umesemaje" hata mara moja. Janelle akaja kutambua kwamba tangu wamefahamiana, huyu mama hajawahi kuwa na mazungumzo naye bila kubahatisha, isipokuwa leo, kwa sababu leo kila kitu kimeandikwa.

Akavuta daftari. Aliandika: Tangu lini husikii?

Tarrant alisoma. Alisoma tena. Alichukua kijiko, akakiweka, akakinyoosha sambamba na ukingo wa meza.

"Miaka sita," alisema hatimaye. "Zilianza kuondoka sauti za juu. Ndege kwanza. Halafu kengele za kanisa. Miaka minne niliweza kukisia, maana najua sauti ikiwa sawa mdomo unakaaje, shingo inakaaje. Sasa hata kukisia kunanishinda. Kila mtu anaimba ndani ya blanketi."

Janelle aliandika: Na vifaa vya masikioni?

"Nimejaribu vitatu. Vinageuza sauti kuwa bati. Ningekuwa nafundisha kuimba kwa bati." Alimtazama Janelle usoni, si mdomoni, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Nilijua unanipa zaidi ya unavyopaswa. Nilikuona shingoni. Lakini nilipokusikia, binti yangu, ile mara moja moja uliposukuma mpaka ikanifikia, ilikuwa kama mtu amenifungulia dirisha. Sikuweza kujizuia. Nilitaka tena."

Janelle alitamani kupiga kelele na alikatazwa hata kunong'ona.

Tarrant alifuta macho kwa leso, mgongo ukanyooka, akarudi kuwa profesa. Alimwomba mwaka mmoja. Atamfikisha mwisho, onyesho la tatu litasogezwa hadi Novemba, nyimbo zitachaguliwa za chini na za taratibu, kamati haitauliza maswali kwa sababu yeye ndiye kamati. Hatachukua mwanafunzi mwingine. Siku Janelle akivaa joho, naye atastaafu. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, akauelekeza kwenye daftari.

Janelle aliuchana ukurasa ule, akampa. Tarrant aliukunja mara nne, akautia kwenye mfuko wa koti. Walimaliza supu.

Ukimya ulipokwisha, mtu wa kwanza aliyezungumza naye kwa kirefu alikuwa Orrin. Alimkuta peke yake kwenye chumba cha mazoezi akila mkate wenye siagi ya karanga juu ya karatasi. Sauti ya Janelle ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyeamka kutoka homa.

"Ulijua," alimwambia.

Orrin alitafuna, akameza. "Nilijua."

"Siku ile ya kile kifaa ulinigeuza kichekesho."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Orrin?"

Alifuta vidole kimoja kimoja. Alisema alikuja mji huu akiwa kijana mlevi aliyefukuzwa makanisa mawili, na Lucille alimweka kwenye kiti hiki na kumkataza kukiacha. Kila alilonalo limetoka kwake. Lucille alipoanza kupoteza masikio, alimwomba awe sikio lake, amwambie kwa macho iwapo noti imepanda au imeshuka. Mwanzoni ilifaa. Noti anaweza kumwonesha kwa macho. Uzuri wa sauti hauoneshwi kwa macho.

"Kabla yako alikuwepo msichana wa Kentucky," alisema. "Aliondoka mwaka wa pili akiamini hana kipaji. Nilimsaidia kubeba sanduku mpaka kwenye gari, nikamwambia si kila mtu ameumbiwa kazi hii." Alikunja karatasi ya mkate. "Wewe nilikuona mtoto wa shamba, mifupa mikubwa. Nikajua utahimili."

Janelle alimtazama mpaka Orrin akainamisha uso. Halafu akafungua kitabu cha noti, akakiweka mbele yake, akamwambia kuanzia leo atakuwa sikio la Janelle, na akithubutu kumdanganya tena atamvunjia kifuniko cha piano juu ya vidole. Orrin akasema haya, bibie.

Kiangazi kile waliimba wawili tu, dakika kumi, kisha kumi na tano, kisha ishirini, chumba cha chini kisicho na dirisha, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Muda uliobaki Janelle aliandika tasnifu yake, kurasa mia moja na themanini, akaikabidhi mwezi wa Agosti. Sehemu ya chini ya sauti ilirudi, nzito zaidi, yenye ukungu kidogo. Ya juu haikurudi. Alipoinyooshea mkono ilimkatikia pale pale, kila siku, kama ngazi iliyovunjika kipandio. Mtaalamu wa sauti aliacha kulizungumzia mwezi wa Septemba, naye hakumwuliza.

Mwezi huo huo, alipokuwa akipanda ghorofa ya tatu kupeleka fomu, alisikia mtu akiimba nyuma ya mlango wa Tarrant. Ilikuwa sauti ya juu kabisa, nyepesi, changa, ya aina inayotakiwa kuguswa kwa ncha za vidole. Ilikuwa inasukumwa. Sauti ikakoma, na Tarrant akasema, "Sikusikii. Lete mbele."

Msichana huyo aliitwa Tessa Kosik. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ametoka Fort Wayne, amepokewa kwa udhamini, na alikuwa na tabia ya kumsalimia kila mtu koridoni kwa jina. Janelle alimsubiri Tarrant siku ile mpaka alipokuwa peke yake, akafunga mlango, akasimama mbele yake ili midomo isomeke.

"Uliniahidi hutachukua mwingine."

Tarrant alikuwa akipanga noti kabatini. Alisema idara imemwomba, angekataa kwa sababu gani? Alisema Tessa ana sauti ya pekee, ya mwisho ya namna yake atakayopata kuisikia.

"Huisikii," Janelle alisema.

"Una onyesho baada ya wiki saba," Tarrant alijibu bila ukali wowote. "Nenda kafanye mazoezi."

Janelle alikwenda kwa mkuu wa idara, Dakta Ferris, bwana wa miwani mikubwa aliyependa kuanza kila sentensi kwa neno "kimsingi". Ferris alimsikiliza, akaenda kufunga mlango uliokuwa tayari umefungwa. Alisema kimsingi wapo waliowahi kuhisi jambo fulani. Alisema malalamiko ya maandishi yatashughulikiwa, bila shaka, ila ajue kwamba mara yakipokelewa Profesa Tarrant ataondolewa kwenye kamati zote, na kamati ya Janelle italazimika kuundwa upya, na mwenyekiti mpya ana haki ya kudai maonyesho yote yarudiwe. Mwaka mmoja, pengine zaidi. Aliuliza kwa upole kama sauti yake ingemudu kurudia onyesho la kwanza.

Isingemudu. Wote wawili walilijua hilo. Onyesho la kwanza lilikuwa na nyimbo ambazo Janelle hataweza kuziimba tena maishani mwake.

"Unaweza pia kuandika baada ya onyesho," Ferris alisema, akaanza kutafuta kitu kwenye droo. "Hilo ni juu yako."

Janelle akatoka. Alijiambia ni wiki saba tu, na Tessa ni kijana, koo changa halichaniki kwa wiki saba. Alijipangia kupita ngazi ya upande wa pili ili asisikie. Mara mbili alikutana na Tessa kwenye mashine ya kahawa, na mara ya pili msichana alikuwa amejifunga skafu shingoni, akacheka kwamba baridi ya mwaka huu imewahi. Janelle akamshauri anywe maji ya moto. Aliyasema maneno hayo huku akimtazama shingoni, kisha akachukua kikombe chake akaondoka.

Onyesho la tatu lilifanyika Jumapili ya pili ya Novemba, saa tisa mchana. Darlene hakuweza kuja kwa sababu ya nyonga. Waliokuja walijaza nusu ya ukumbi. Janelle aliimba nyimbo za chini, za taratibu, zilizopangwa na Orrin kipande kwa kipande ili kuzunguka shimo lililokuwa katika sauti yake, na Orrin alimpigia kama mtu anayemwongoza kipofu kwenye barafu. Palikuwa na mahali pamoja tu, katika wimbo wa Kifaransa kabla ya mapumziko, ambapo hawakuweza kulizunguka. Alifika pale, noti haikuja, ikapita pumzi tupu, akaendelea. Wajumbe watatu wa kamati waliinamisha nyuso. Tarrant, katikati ya mstari wa kwanza, alibaki akitabasamu, macho mdomoni mwa Janelle. Wimbo ulipokwisha na watu wakapiga makofi, alitazama kushoto, akatazama kulia, ndipo naye akapiga.

Kamati ilikaa dakika tisa. Tarrant alitoka wa kwanza, akamshika mikono yote miwili, akamwita Dakta Haldorsen. Viganja vyake vilikuwa baridi. Janelle alisema asante, na jambo baya ni kwamba alikuwa na shukrani za kweli.

Siku iliyofuata alipeleka barua kwa Ferris, kurasa tatu, tarehe zote ndani. Kisha akamtafuta Tessa, akamkuta kwenye chumba cha mazoezi amekaa sakafuni, chupa ya maji miguuni, haimbi. Janelle akakaa sakafuni naye. Akamweleza yote tangu mwanzo: kiti kilivyosogea, kifaa cha moshi, damu, supu, ukurasa uliokunjwa mara nne. Akamwambia kasoro si yake, aende kliniki leo, asiimbe hata noti moja.

Tessa alisikiliza mpaka mwisho. Alipozungumza sauti yake ilikuwa na mchanga, mchanga ule ule.

"Nilidhani ni mimi," alisema. "Nimekuwa nikilia kila Ijumaa, nadhani ni mimi." Halafu akawa anahesabu kitu kichwani. "Alikwambia lini kwamba hasikii?"

"Machi."

"Sasa ni Novemba."

"Ndiyo."

"Mashine ya kahawa. Uliniona na skafu, ukaniambia ninywe maji ya moto."

Janelle alianza kueleza habari ya kamati. Alifika katikati ya sentensi, akasikia inavyosikika, akaacha. Tessa alisimama, akafunga kifuniko cha chupa kwa nguvu, akachukua begi.

"Hongera kwa udaktari," alisema. Hakukuwa na kejeli. Ndivyo alivyozoea kumwambia kila mtu neno jema. Akatoka, akauacha mlango wazi.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Tarrant alistaafu Krismasi hiyo kwa sababu za kiafya. Kulikuwa na keki na hotuba, na Orrin alipiga piano. Janelle hakualikwa. Barua yake haikutajwa popote. Orrin alimwandikia baadaye kwamba Lucille amehamia kwa mpwa wake Michigan, na kwamba hukaa mbele ya televisheni iliyofungwa sauti, akisoma midomo. Aliandika pia kuhusu Tessa. Daktari alikuta kivimbe kimoja kikubwa, wakakikata, jeraha halikupona vizuri. Aliacha shule kabla ya Pasaka. Alipata kazi Fort Wayne katika duka la miwani, akiwapima watu fremu. Janelle alimwandikia mara tatu. Barua ya tatu ilirudi bila kufunguliwa.

Sasa Dakta Haldorsen anafundisha uimbaji katika chuo kidogo, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka kwa mama yake. Ana wanafunzi kumi na mmoja, wengi watoto wa wakulima. Anaimba mazishini, nyimbo za kanisani za chini, na watu humshukuru. Wakati wa masomo hukaa mwisho wa chumba. Mwanafunzi akimwambia koo linamkwaruza humrudisha nyumbani palepale, hata kama mtihani ni kesho, na wapo wanaomwona mkali, wapo wanaomwona mwoga.

Kila Agosti, kabla ya muhula kuanza, huendesha gari hadi mjini Bismarck kupimwa masikio, huingia katika kibanda cha kioo na kuvaa vipokea sauti, na hubonyeza kitufe kila anaposikia mlio. Hufumba macho ili asione mkono wa mpimaji. Mwaka huu milio miwili ya juu kabisa haikumfikia. Mpimaji alimwambia ni umri tu, arobaini na mbili, mambo ya kawaida, asiwe na wasiwasi. Janelle aliomba nakala ya matokeo. Alirudi nayo kwenye kiti cha abiria, na asubuhi ya Jumatatu aliipeleka kwa mkuu wake wa idara, ambaye aliitazama, akauliza aifanyie nini.

"Isome," Janelle alimwambia. "Halafu mwakani unidai nyingine. Mimi nikisahau, wewe usisahau."

Mkuu wa idara akasema sawa, akaitia kwenye jalada. Janelle alisimama pale mpaka alipoona droo imefungwa, kisha akaenda darasani.